Mfumo wa kompyuta wa hospitali ni sehemu ya tiba, usimamiwe kama tiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumze na wale wanaoamua, wanaonunua na wanaosimamia mifumo ya kompyuta katika huduma za afya, na pia na wagonjwa ambao habari za miili yao huhifadhiwa humo. Kila mfumo mpya unapozinduliwa, hotuba husifu kasi, usahihi na kwisha kwa makaratasi. Ni nadra kusikia nani atautunza mfumo huo miaka kumi baadaye, nani ana mamlaka ya kuusimamisha ukianza kuwaweka wagonjwa hatarini, au kama muuguzi wa zamu ya usiku aliulizwa lolote kabla kurasa atakazojaza hazijachorwa. Ninachotaka kusema ni kwamba mfumo wa taarifa za afya ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwa hiyo unapaswa kubuniwa, kujaribiwa na kusimamiwa kwa uzito uleule tunaoupa dawa na upasuaji.

Anayedhani natia chumvi na aikumbuke Therac-25. Hiyo ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, na kati ya Juni 1985 na Januari 1987 iliwamiminia wagonjwa sita, nchini Marekani na Kanada, mionzi mingi kupita kiasi. Baadhi yao walifariki kutokana na majeraha hayo. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya kimitambo ambavyo vilikata mionzi iwapo jambo lolote lingekwenda kombo. Waundaji wa Therac-25 waliviacha vizuizi hivyo kwa kuamini kwamba programu ya kompyuta peke yake ingetosha kulinda. Programu hiyo ilikuwa na kasoro, na mojawapo ilijitokeza tu pale mwendeshaji mzoefu aliposahihisha maelezo kwenye skrini kwa haraka kuliko waundaji walivyotarajia. Mashine ilitoa ujumbe wa hitilafu wenye namba tupu, usiotaja hatari yoyote, na kwa kuwa waendeshaji walikuwa wamezoea kuona jumbe za namna hiyo katika kazi zao za kila siku, walibonyeza kitufe cha kuendelea. Malalamiko ya kwanza yalipofika kwa watengenezaji, jibu lao lilikuwa kwamba mashine yao haiwezi kuzidisha dozi.

Jibu hilo ndilo linalonihuzunisha kuliko kasoro yenyewe. Kasoro hutokea katika kila kazi ya binadamu, lakini daktari anayeambiwa kwamba dawa fulani imemdhuru mgonjwa hawezi kujibu kuwa dawa hiyo haina uwezo wa kudhuru. Atachunguza, ataandika taarifa, na ikibidi dawa itaondolewa. Kwenye programu za kompyuta bado tunasikia jibu la mwaka 1985: mfumo uko sawa, tatizo ni mtumiaji.

Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 2013, katika hospitali ya chuo kikuu huko San Francisco, kijana wa miaka 16 aliyekuwa amelazwa alipewa vidonge 38 na nusu vya antibiotiki ambayo alizoea kumeza kidonge kimoja kimoja. Alipata degedege, na kwa bahati njema akanusurika. Inafaa kuifuata safari ya kosa hilo hatua kwa hatua, kwa sababu kila aliyehusika alikuwa mtu mwenye ujuzi akitumia vifaa vya kisasa. Mfumo uliruhusu dozi iandikwe kwa njia mbili, ama miligramu kamili au miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, na hospitali ilikuwa imeamua kwamba kwa wagonjwa wenye uzito chini ya kilo 40 njia ya pili ndiyo itumike. Kijana huyo alikuwa na uzito wa kilo 38 na ushei. Dozi iliyokokotolewa mwanzoni haikulingana na kidonge kilichopo, na kanuni nyingine ya hospitali ikamlazimu mfamasia kumrudishia daktari agizo ili aliandike upya kwa kiwango cha kidonge, yaani miligramu 160. Daktari aliandika 160, lakini kisanduku kilikuwa kinasoma miligramu 160 kwa kila kilo. Tahadhari ilijitokeza kwenye skrini ya daktari, akaipita. Ikajitokeza kwa mfamasia, naye akaipita. Roboti ya kufungasha dawa ilihesabu vidonge bila kuchoka. Muuguzi alistaajabia idadi ile, akaviskani, na kifaa kikamthibitishia kwamba idadi inalingana na agizo. Ilikuwa inalingana kweli.

Nani alikosea hapo? Ukimshika muuguzi utakuwa umemshika mtu wa mwisho katika mnyororo, na mnyororo utabaki ulivyo. Waliochagua kwamba kisanduku kimoja kibebe vipimo viwili vinavyotofautiana karibu mara 40 bila tofauti hiyo kuonekana waziwazi, hao ndio waliopaswa kukaa meza moja na wafamasia na wauguzi kabla ya mfumo kuwashwa. Waliopanga tahadhari nao wana sehemu yao. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba madaktari hupuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya tahadhari za dawa zinazotolewa na mifumo ya kuandikia maagizo. Mtu anayeonywa juu ya kila kitu huacha kusikia, na hali hiyo haiponi kwa kuwapa madaktari semina ya kuwa makini zaidi. Dawa yake ni kuwa na kamati ya kudumu, yenye daktari, mfamasia na mtu wa TEHAMA, inayopitia orodha ya tahadhari kila baada ya muda, kuangalia ni zipi hupuuzwa karibu kila mara, na kuzifuta, ili zile chache zinazohusu hatari ya kweli zibaki na nguvu ya kumsimamisha mtu. Kazi hiyo haina mvuto, haizinduliwi na mgeni rasmi yeyote, na ndiyo maana mara nyingi haina mwenyewe.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye ubunifu. Mifumo mingi ya afya huchorwa kuanzia juu: wasimamizi wanataka takwimu, wahasibu wanataka ankara, wafadhili wanataka ripoti za robo mwaka, na mahitaji hayo yote hushuka chini hadi kwa mtu mmoja aliyesimama mbele ya mgonjwa akiwa na kibodi. Yeye ndiye mjazaji, lakini yeye ndiye asiyerudishiwa chochote. Utafiti uliofanywa kwa madaktari nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba kwa kila saa moja ambayo daktari alikaa ana kwa ana na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine zilikwenda kwenye kumbukumbu za kielektroniki na kazi za mezani. Nchi ile ilikuwa imetumia mabilioni ya dola za umma, chini ya sheria ya mwaka 2009, kuzishawishi hospitali na zahanati zihamie kwenye kompyuta, na zilihamia kwa kasi kubwa. Kwa hiyo fedha zilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, na mafunzo yalitolewa. Kilichokosekana ni swali la msingi: kila kisanduku tunachoongeza kwenye ukurasa kitachukua sekunde ngapi za nani, na nani atanufaika?

Nimefanya kazi karibu na masijala za hospitali kwa muda wa kutosha kujua kwamba mfanyakazi wa afya hachukii kompyuta. Anachukia kuandika jambo lilelile mara tatu: kwenye faili, kwenye rejista na kwenye mfumo. Mpe mfumo unaomwonyesha papo hapo matokeo ya maabara ya mgonjwa aliye mbele yake, unaomkumbusha kwamba mama huyu hakurudi kliniki mwezi uliopita, unaomtengenezea ripoti ya mwisho wa mwezi kutokana na kile alichokwisha kuandika, naye ataujaza bila kusimamiwa. Mnyime faida hiyo, naye atajaza namba zinazoonekana kupendeza mwishoni mwa mwezi, kwa sababu ripoti inadaiwa na wagonjwa wanasubiri kwenye foleni. Takwimu mbovu za afya mara nyingi huzaliwa hapo, kwenye uchovu wa mtu mwaminifu.

Mifano mizuri ipo, na inatia moyo kwamba baadhi yake ilikulia Afrika. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya katika makumi ya nchi, una mizizi katika kazi iliyoanza Afrika Kusini mwaka 1994, pale nchi hiyo ilipokuwa ikijaribu kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa na ubaguzi wa rangi. Wazo lake la awali lilikuwa kwamba wafanyakazi wa wilaya watumie wenyewe takwimu wanazozikusanya. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, ulitokana na kazi ya kuhudumia wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya, ambako kumfuatilia mgonjwa mmoja kwa miaka mingi lilikuwa jambo la kufa na kupona. Yote miwili ina programu huria, yaani msimbo wake unaweza kusomwa na kurekebishwa na yeyote mwenye ujuzi. Sisemi kwamba mifumo hiyo haina kasoro. Nasema ilizaliwa kutoka kwenye kazi, na hilo linaonekana katika umbo lake.

Kinyume chake ni mpango wa kitaifa wa Uingereza uliozinduliwa mwaka 2002 kwa lengo la kuipatia nchi nzima kumbukumbu za kielektroniki kupitia mikataba mikubwa iliyosainiwa serikalini. Uliteketeza mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Si kila kilichojengwa kilipotea, maana mtandao wa mawasiliano na mfumo wa kuhifadhi picha za eksirei viliendelea kutumika, lakini kumbukumbu za wagonjwa, ambazo ndizo zilikuwa kiini cha ahadi, hazikufika zilikoahidiwa kufika. Mikataba ilitangulia, madaktari wakashirikishwa baadaye. Hospitali zenye taratibu tofauti zilitakiwa kuvaa vazi moja lililoshonwa bila vipimo. Naamini kwamba mradi wa afya unaoanza na ukubwa wa nchi nzima, badala ya wodi moja inayofanya kazi vizuri na kisha ya pili, umekwisha kujiwekea mtego.

Jambo ambalo wabunifu hulipuuza na ambalo ningependa lipewe nafasi kubwa zaidi ni utambulisho wa mgonjwa. Linaonekana dogo kwa mtu wa kompyuta, kwa sababu kwake ni safu moja tu katika hifadhidata. Lakini mtu mmoja akiandikishwa mara tatu kwa tahajia tatu za jina lake, mzio wake wa penisilini uliorekodiwa katika faili la kwanza hautaonekana kwa daktari anayefungua la tatu. Watu wawili wenye majina yanayofanana wakiunganishwa kimakosa kuwa mmoja, damu ya mmoja inaweza kusomwa kama ya mwingine. Mifumo mizuri humlazimisha karani kutafuta kabla ya kusajili, huonyesha wanaokaribiana kwa jina, umri na jinsia, na huwa na njia rasmi ya kuunganisha au kutenganisha kumbukumbu ikiwa na jina la aliyefanya hivyo. Mifumo mibovu ina kitufe cha kusajili mgonjwa mpya kilicho rahisi kuliko kitufe cha kutafuta, na kwenye foleni ndefu karani atabonyeza kilicho rahisi. Kila mwezi, mtu mwenye mafunzo ya kumbukumbu za afya anapaswa kukaa na orodha ya wanaoshukiwa kujirudia na kuisafisha. Ukiona taasisi ina seva mpya na haina mtu wa kazi hiyo, ujue data yake inaoza taratibu.

Kuhusu mifumo kuongea yenyewe kwa yenyewe nitasema kwa ufupi tu, kwa kuwa viwango vipo na sababu za kutovitumia zinazidi kupungua. HL7, kiwango cha mifumo ya afya kupeana taarifa, kimekuwepo tangu 1987, na kizazi chake kipya, FHIR, kinatumia njia zilezile za intaneti ambazo kila mtengeneza programu kijana anazijua. DICOM inashughulikia picha za tiba, LOINC inatoa majina ya vipimo vya maabara, na toleo la kumi na moja la orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani lilianza kutumika Januari 2022. Anayenunua mfumo leo bila kudai viwango hivi kwa maandishi anajenga kisiwa kwa fedha za wagonjwa.

Sasa usimamizi, ambao ndio unaoniumiza zaidi. Bajeti nyingi za TEHAMA katika afya hutenga fedha za kununua mfumo na kusahau fedha za kuishi nao. Programu ya hospitali haina maisha ya mwaka mmoja au miwili. Lugha ya kuandikia programu iitwayo MUMPS, iliyobuniwa katika hospitali ya Massachusetts General mwishoni mwa miaka ya 1960, hadi leo imo ndani ya baadhi ya mifumo mikubwa zaidi ya kumbukumbu za wagonjwa duniani. Hii ina maana kwamba uamuzi unaofanywa na kamati ya zabuni leo unaweza kuwafunga wauguzi ambao bado hawajazaliwa. Mfumo unahitaji kusasishwa dawa mpya zinapoingia, miongozo ya tiba inapobadilika, na kasoro za usalama zinapogunduliwa. Anayelipa ununuzi na asilipe matunzo atakuwa na mfumo unaozeeka tangu siku ya uzinduzi.

Matokeo yake tumeyaona. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kudai fidia iliyoitwa WannaCry ilienea duniani na kuzifunga kompyuta za huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Kati ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali na huduma nyingine za afya nchini humo, angalau 80 ziliathirika, maelfu ya miadi yakafutwa, na baadhi ya vitengo vya dharura vikalazimika kuelekeza wagonjwa kwingine. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa masahihisho ya kasoro iliyotumiwa na wavamizi hao mwezi Machi, miezi miwili kabla. Hapakuhitajika uvumbuzi wowote kuzuia maafa yale. Kilichohitajika ni mtu mwenye wajibu, muda na ruhusa ya kusakinisha masahihisho. Miaka minne baadaye, Mei 2021, huduma ya afya ya Ireland ilishambuliwa kwa namna hiyohiyo. Wavamizi walikuwa wameingia tangu Machi, kupitia faili la Excel lililoambatishwa kwenye barua pepe na kufunguliwa na mfanyakazi mmoja, na wakakaa ndani ya mtandao karibu wiki nane kabla ya kuufunga. Kazi ya kurejesha mifumo yote ilichukua miezi. Madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi, na wengi wa vijana miongoni mwao hawakuwahi kufanya kazi hivyo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba utaratibu wa kufanya kazi bila kompyuta uandikwe, na ufanyiwe mazoezi, kabla ya mfumo kuwashwa. Umeme hukatika, seva huharibika, mtandao hupotea. Katika saa hizo mgonjwa anayetoka damu hawezi kusubiri mtu wa TEHAMA apokee simu. Kila wodi iwe na fomu za karatasi zinazofanana na kurasa za mfumo, iwe na orodha ya wagonjwa waliolazwa na dawa zao inayochapishwa au kuhifadhiwa kwenye kompyuta isiyotegemea mtandao, na ijulikane nani ataingiza tena yaliyoandikwa kwa mkono pindi mfumo ukirudi, kwa sababu hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa na ndiyo inayoacha mashimo katika kumbukumbu. Nakala rudufu za data nazo zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hata mara moja ni matumaini tu.

Siri ya mgonjwa inastahili barua yake peke yake, lakini sina budi kuigusa. Mwezi Oktoba 2020 Wafini waligundua kwamba kumbukumbu za kampuni ya tiba ya kisaikolojia iliyoitwa Vastaamo zilikuwa zimeibwa. Mwizi alipokosa fidia kutoka kwa kampuni aliwageukia wagonjwa wenyewe, akawaandikia mmoja mmoja akidai euro 200 kila mmoja, la sivyo angechapisha yale waliyomwambia mtaalamu wao faraghani. Waathirika walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na kampuni ilifilisika mwaka uliofuata. Namba ya benki ikiibwa, benki hutoa nyingine. Habari ya mtu aliyejaribu kujiua, au aliyetendewa ukatili utotoni, haina mbadala wa kutolewa. Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kuwapa watumishi wote wa hospitali nywila moja ya pamoja kwa sababu eti inarahisisha kazi, na ni kosa kubwa zaidi kwa mbunifu kuufanya mfumo uwe mgumu kuingia kiasi kwamba nywila ya pamoja ndiyo njia pekee ya kumaliza zamu. Estonia, ambayo mfumo wake wa kitaifa wa taarifa za afya ulianza kazi mwishoni mwa mwaka 2008, humruhusu mgonjwa kuona mwenyewe nani amefungua kumbukumbu zake na lini. Napenda utaratibu huo kuliko ahadi yoyote iliyochapishwa kwenye bango la mapokezi, kwa sababu unampa mwenye habari uwezo wa kuuliza.

Wengi sasa wanasema akili mnemba itatuondolea matatizo haya. Inaweza kusaidia, na katika kusoma picha za tiba au kupanga miadi tayari inasaidia. Lakini mwaka 2019 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumiwa nchini Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilipima haja ya mgonjwa kwa kuangalia gharama za matibabu yake, na kwa kuwa fedha kidogo zaidi zilikuwa zikitumika kuwatibu Wamarekani weusi hata walipokuwa wagonjwa sawa na weupe, ikawaona kuwa wana afya bora kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba upendeleo huo ukiondolewa, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaopewa uangalizi ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Programu haikuulizwa rangi ya mtu yeyote. Iliulizwa swali lisilo sahihi, na waliouliza walikuwa watu. Hivyo kabla ya kununua akili ya namna hiyo, taasisi na idai kujua imefundishwa kwa data ya akina nani na inapima nini hasa, kisha iijaribu kwa wagonjwa wake yenyewe.

Hatimaye kuna suala la mamlaka ya kusimamisha, ambalo sijawahi kuliona likijadiliwa hadharani kwa uzito unaostahili. Mwanzoni mwa mwaka 2003, hospitali ya Cedars-Sinai huko Los Angeles ilisitisha mfumo wake wa kuandikia maagizo ya madaktari miezi michache tu baada ya kuuwasha, baada ya madaktari kulalamika kwamba unawachelewesha na kuwahatarisha wagonjwa. Mfumo huo uligharimu mamilioni ya dola. Mimi naihesabu hatua ile kuwa ya heshima. Hospitali nyingi zaidi huendelea na mfumo unaojulikana kuwa mbovu kwa sababu aliyeununua bado yuko ofisini, au kwa sababu data zimefungiwa katika muundo ambao mtengenezaji peke yake anaweza kuusoma.

Ombi langu kwa wanaosaini mikataba ni kwamba, kabla ya sahihi, mkataba utaje cheo cha mtu wa tiba, na asiwe wa manunuzi, mwenye uwezo wa kuamuru mfumo au sehemu yake izimwe kwa ajili ya usalama wa wagonjwa bila kuomba kibali cha mtengenezaji. Utaje kwamba data zote zitakabidhiwa kwa hospitali katika muundo ulio wazi mkataba ukiisha, na kwamba ajali zinazohusiana na programu zitaripotiwa na kuchunguzwa kama zinavyoripotiwa athari za dawa, pasipo kifungu chochote cha usiri kinachomzuia muuguzi kusema alichokiona. Na utaje tarehe ya zoezi la kwanza la kuzima, ambalo lifanyike mfumo ukiwa bado katika wodi moja.

Msomaji wako wa siku nyingi.